Land Rover au Kombi: ambulansi ipi ya zamani uifufue Tabora?

Mimi ningechukua Land Rover Series IIA, ya 1961 hadi 1971. Bodi yake ni ya aluminiamu, hailiwi na kutu kama bati. Ugonjwa wake uko kwenye chesesi, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya bodi. Ingia uvunguni, gonga kwa nyundo ndogo karibu na springi za nyuma. Unga mwekundu ukidondoka, andaa hela ya kuchomelea.

Kombi ya Volkswagen, iliyoanza kutoka kama ambulansi 1951, inapendeza zaidi, na injini yake hupozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuvuja. Ila bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kutu ikishika sakafu, gari zima limelegea. Tena mafundi wakongwe wa hapa wameizoea Land Rover.

Yoyote utakayonunua, ukikuta reli za machela bado zimo, tafadhali usizing'oe.