Posheti ya bwati niliyouziwa Birere: sirklipsi si chumvi, papa

"Sirklipsi ni kama chumvi, papa. Chumvi ya hapa, chumvi ya kule, si zote ni chumvi?" Hayo ndiyo majibu niliyopewa na muuzaji dukani, sokoni Birere, hapa Goma, juu ya posheti (seti ya vipuri) ya bwati (sanduku la gia) ya dola 85, mbele ya wateja wengine, piyakulisi (kipimo cha unene) ikiwa mkononi mwangu na pete mbili mezani. Halafu akaongeza: "Weye ni fundi ao ni mwalimu wa hesabu?" Watu wakacheka. Naandika tathmini hii hasira ikiwa haijapoa, mnivumilie.

Posheti yenyewe ni ya bwati za Corolla za zamani, vitesi (gia) tano, zile zinazovuta mbele. Ndani kuna rulema (beringi) za shafti mbili, pete za shaba za sinkro (zinazosawazisha mwendo kabla vitesi haijaingia), spi nne za kuzuia mafuta, klaveti (vipande vidogo vya chuma vya sinkro) na springi zake, na kamfuko kadogo ka sirklipsi. Kamfuko hako ndiko kalikoharibu kazi yote.

Kwa asiyeijua: sirklipsi ni pete ya chuma iliyo wazi upande mmoja, inakaa ndani ya mfereji wa shafti na kuzuia kitovu cha sinkro au rulema isitembee. Kiwanda hakiweki unene mmoja. Kinatoa pete ileile kwa unene mbalimbali, zikipishana karibu nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, kila moja na herufi au namba yake. Fundi anajaribu nene kwanza, akishuka mpaka apate nene kuliko zote inayoingia mferejini. Nafasi inayobaki isizidi milimita 0.1. Ndiyo sababu mtu akifungua bwati huzifunga sirklipsi za zamani kwa waya, kila moja na mahali pake, hata kama amenunua mpya.

Za posheti hii zilikuwa tano, zote zinasoma milimita 2.30. Ya zamani kwenye kitovu cha vitesi ya tatu na ya nne ilisoma 2.44. Ukiweka ya 2.30, inaingia kwa kidole, raha mustarehe, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Kitovu kinabaki kikitembea mbele na nyuma. Furusheti (uma wa kubadilisha vitesi) haijui hilo, yenyewe inasukuma baladeri (pete inayoteleza juu ya kitovu) umbali uleule wa siku zote, basi baladeri inashika meno ya pinyoni (gurudumu la meno la vitesi) nusu. Mezani hutaona kitu. Utaona ukipanda Mlima Goma na mzigo: ukiachia akseleta kidogo tu, ya tatu inaruka yenyewe na kurudi katikati. Ikiruka mara kadhaa, ncha za meno zinakuwa duara, na hapo hata sirklipsi sahihi haitakuokoa. Pinyoni imekufa.

Nilimweleza hayo yote. Chumvi!

Na msijaribu njia za mkato. Kumpelekea turneri (fundi wa mashine ya kuchonga vyuma) achonge nyingine kwa chuma cha kawaida ni bure, sirklipsi ni chuma cha springi, ya turneri haibani, itafunguka. Kuipiga nyundo ya zamani ili ibane ni bure vilevile. Na anayeifungua kwa turnevisi (bisibisi) mbili badala ya pensi (koleo) yake anaipanua kupita kiasi, haibani tena mferejini, hata kama unene wake ni sahihi.

Sasa niseme haki, maana nisiposema haki nitafanana na yule wa dukani. Rulema ni nzuri. Namba zimechorwa safi, zinazunguka kimya, hazina mchezo. Zipashe ndani ya mafuta yaliyofika kama digrii 100, zitashuka kwenye shafti bila kelele. Ukilazimika kupiga, piga kwa bomba linalogusa pete ya ndani peke yake. Ukigonga pete ya nje, nguvu inapitia kwenye gololi, zinaacha alama ndogo njiani, na rulema mpya inaanza kulia ndani ya wiki chache. Kisha fundi anasema ni feki. Si feki, ni nyundo.

Pete za shaba pia zilipita. Kuzijaribu hakuhitaji shule: paka mafuta kidogo kwenye koni ya pinyoni, bonyeza pete kwa mkono, izungushe. Ikikamata, ni nzima. Ikiteleza, itupe. Halafu pima kwa kale (vibamba vya kupimia nafasi) nafasi kati ya pete na meno ya pinyoni, ukizunguka pande zote. Kwenye bwati hizi ndogo, ikiwa chini ya milimita 0.6, pete imekwisha. Zangu zilikuwa juu sana ya hapo. Kwa hiyo aliyetengeneza posheti hii anajua kazi. Amejua shaba, amejua rulema, amefika kwenye pete ya senti chache akalala. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Klaveti na springi ni sawa, ila posheti haina hata karatasi moja ya maelezo, na hapa watu wanakosea kila siku. Kitovu kina klaveti tatu na springi mbili, moja kila upande. Miisho ya springi hizo isikae kwenye pengo moja, zigeuze zipishane. Ukizipanga sawa, klaveti moja inabaki bila nguvu, siku moja inachomoka na kuingia katikati ya meno. Tazama pia kitovu kinaangalia wapi. Pande zake mbili zinafanana kwa macho, hazifanani kwa kazi. Piga picha ya simu kabla hujafungua kitu, picha kumi, ishirini, simu haichoki.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo hakuna kitabu kitakachokuambia. Viwanja vingi vya Goma ni lava, na vumbi lake jeusi ni punje ngumu zenye makali. Upepo ukipita, linakaa juu ya kila kilichopakwa mafuta. Likiingia kwenye rulema, umeshasaga dola zako. Osha kila kitu kwa petroli (mafuta ya taa), funika kwa shuka safi isiyoacha nyuzi, na ukiona moto wa volkano ya Nyiragongo umekufurahisha usiku, sawa, ila bwati iwe ndani. Sumaku iliyo chini ya kasha isafishwe kabisa. Uji mweusi laini juu yake ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si kawaida, ni meno ya pinyoni fulani, na lazima uitafute.

Kushusha shafti mbili pamoja na furusheti zake kwenye kasha ni kazi ya watu wawili. Zinashuka kama fungu moja, moja ikitangulia zingine hazikubali. Gololi ndogo za kufungia vitesi zishikize kwa grisi nzito, maana ikidondoka moja usiione, utafunga kasha na bwati itakubali vitesi mbili kwa pamoja, kisha shafti zitakataa kuzunguka. Wajanja hutumia ubaya huohuo kwa faida: ukitaka kukaza nati ya vitesi ya tano, ingiza vitesi mbili kwa makusudi, shafti zinajifunga zenyewe. Nati iwe mpya, na ukimaliza kuikaza ipige mdomo wake uingie kwenye mfereji. Posheti haina nati hiyo. Dola 85, nati hakuna.

Kabla ya silikoni, zungusha kwa mkono, ingiza kila vitesi, kisha katikati. Silikoni mstari mwembamba tu. Inayomwagika ndani inakwenda kutembea na mafuta. Spi ya shafti ya kuingilia ipakwe mafuta mdomoni, na meno ya shafti yafungwe utepe wakati wa kuipitisha, la sivyo yanaikata, utaona mafuta kwenye ambrayaji (klachi) na kumtukana muuzaji bure. Na mimi sipendi kumtukana bure. Nataka kumtukana kwa sababu.

Sababu ya pili ni hii: aliniwekea kwenye mfuko mafuta ya bwati ya daraja la GL-5, "ni ya nguvu zaidi". Nguvu ya nini? Yale yana viungo vingi zaidi vya salfa na fosforasi kwa ajili ya pinyoni za difu (gia za kwenye ekseli). Kwenye shaba mpya mimi naweka GL-4, 75W-90, hata pale mtengenezaji anapokubali yote mawili. Sinkro inafanya kazi kwa kusuguana, utelezi ukizidi vitesi zinalia wakati wa kubadilisha. Lita mbili hivi zinatosha: gari likae sawasawa, jaza mpaka yaanze kumwagika kwenye tundu la kujazia.

Na kama ni maryeri (vitesi ya kurudi nyuma) peke yake inayolia, usirudi kuifungua bwati. Haina sinkro kwenye nyingi za aina hii. Kanyaga ambrayaji, hesabu hadi tatu, ndipo uingize. Ikilia bado, ni ambrayaji haiachii.

Nilikuwa nimeanza kuandika nyota tatu, kwa ajili ya rulema na shaba. Nimekumbuka ile "mwalimu wa hesabu", zimekuwa mbili. Lakini niseme ukweli unaoniudhi: posheti yenye rulema kama hizi sijaiona kwingine mjini, na ikinibidi kufungua bwati nyingine, nitarudi kulekule. Nyota tatu basi. Mbili na nusu. Ukienda, nenda na piyakulisi yako, ufungue kamfuko hapohapo mezani kabla ya kulipa, maana anasema mfuko ukishafunguliwa ni wako. Atakasirika. Mwache akasirike.

Sirklipsi yangu ya kweli niliipata ndani ya bwati iliyokufa, pale wanapouza vyuma kwa kilo. Faranga elfu mbili. Imeandikwa herufi D, inasoma 2.45, imeingia kwa kusukumwa kidogo na haitikisiki. Nimeipiga picha kando ya ile ya 2.30, na picha hiyo nitampelekea.