Taa kuu ya pangoni inayozimika ukiigusa tu

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Hii ni taa kuu ya kuzamia kwenye mapango yaliyojaa maji, ile inayokaa mgongoni mwa mkono kwa mpini wa Goodman, yaani kishikio kinachovaliwa kiganjani. Habari za lumeni (kipimo cha mwanga) na muda wa betri zimejaa kila mahali, sizirudii. Shida ni swichi. Ni ya sumaku: unazungusha pete ya nje, sumaku yake inaamsha kihisi kilichomo ndani. Wazo zuri kabisa, maana mwili wa taa hautobolewi na maji hayana pa kupenyea. Lakini pete ya taa yangu ililegea mapema mno. Ukigusa mwamba, inasogea. Ukishika kamba ya kuongozea, ile tunayoifuata kurudi nje ya pango, inasogea.

Juzijuzi tulikuwa ndani kabisa, mlango wa pango umebaki mbali nyuma, mwenzangu katangulia. Taa ikaanza kuzima na kuwaka, kuzima na kuwaka. Wanaozamia mapangoni mnajua maana yake. Aliye mbele hakuoni wewe, anaona mwanga wako ukutani. Ukichora duara taratibu, uko sawa. Mwanga ukienda huku na huku kwa kasi, umepatwa. Mwenzangu alipoona mwanga unakatikakatika alijua ni dharura, na alifanya sahihi kabisa. Aligeuka upesi akaja akininyooshea regulata (kifaa cha kupumulia) ya mrija mrefu, akidhani nimeishiwa gesi. Tope la sakafuni likatimka. Kufumba na kufumbua, hata kamba iliyokuwa mkononi mwangu sikuiona.

Tulitoka tukiipapasa kamba, kwa taa za akiba. Taa kuu ikifa, safari imekwisha kwa wote, hilo halina mjadala, na ndiyo maana kila mmoja hubeba taa zisizopungua 3. Zangu za akiba ni ndogo, za kuzungusha kichwa, hazina mbwembwe yoyote. Nazipenda kuliko kifaa kingine chochote nilicho nacho.

Nikairudisha taa kwa waliouza. Kijana wa kaunta akaiwasha pale mezani, kavu, ikawaka. "Si hii inawaka, kaka? Labda ulipaniki tu." Nikamwomba aisukume pete kwa kidole kimoja aone ilivyo legevu. Hakuigusa. Aliisogeza taa upande wangu, akarudi kwenye simu yake.

Haki yake niipe: mwale wake ni mwembamba na mkali, unapita kwenye maji yenye vumbi bila kukurudia machoni, na ishara zake zinaonekana hata mwenzako akiwa mbali. Kwa mwale huo nilitaka kuipa nyota 3 na kusema wakirekebisha pete, inunueni.

Lakini nikiukumbuka uso wa mwenzangu nyuma ya miwani, na yule kijana akiniambia nilipaniki, hapana. Nyota 1. Kabla hujanunua taa yoyote ya swichi ya sumaku, vaa glavu zako nene uizungushe pete, kisha isugue na kitu kigumu uone kama inahama. Ikihama, iache hapo hapo dukani. Na wakisema kesho wamebadilisha pete, mimi hii siishushi tena majini. Ujumbe niliowaandikia hawajaujibu mpaka leo.