Kulala Goma au Gisenyi?

Kodi ya nyumba Goma, upande wa Kongo, hutajwa kwa dola, na mwenye nyumba hudai garanti, yaani amana, ya miezi kadhaa kabla ya kukupa ufunguo. Gisenyi, mji wa Rwanda ng'ambo ya mpaka, utalipa kwa faranga za Rwanda, hivyo anayepokea mshahara wake Goma hupoteza kidogo kila anapobadilisha fedha. Katika maji Gisenyi inashinda, kwani Goma familia nyingi bado hununua bidoni za njano zinazosukumwa kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, juu ya mawe ya volkano. Kuhusu volkano ya Nyiragongo, tusidanganyane: ilipolipuka mwaka 2021 maelfu walikimbilia Gisenyi, lakini mitetemeko ilipasua nyumba huko pia.

Shule ndiyo inayopima uamuzi kuliko kodi. Rwanda, iliyoamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza, hufundisha kwa lugha hiyo, Goma kwa Kifaransa, na mtoto anayehamishwa katikati ya masomo huumia. Halafu kuna mpaka wenyewe, uliofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Mwenye duka Birere, mtaa wa Goma ulio mpakani, ambaye wateja humgongea alfajiri, abaki Goma. Mwenye watoto wadogo na kazi isiyomdai kuvuka kila siku ana sababu ya kutafuta nyumba Gisenyi.