Red Dead Redemption 2: gemu kali kinoma, ila waliolitengeneza walikoma

Nimeokota CD used Kariakoo kwa 45,000, zipo mbili kwenye kava moja, ya kwanza ya kuinstolia ya pili ndo ya kuchezea, kwahiyo wenye PS4 (PlayStation 4) futeni vitu kwanza maana linakula takriban GB 100.

Gemu lenyewe, la macowboy wa Marekani ya zamani, aisee usiseme. Tope linagandia buti, ndevu zinaota zenyewe, na kwenye baridi mpaka makende ya farasi yanasinyaa, sitanii, kuna mtu alikaa kwenye kompyuta akakodoa macho kutengeneza hicho kitu!!

Hapo ndo roho inaniuma sasa. Oktoba 2018, siku chache kabla halijatoka, Dan Houser, bosi na mwandishi wa stori wa Rockstar, kampuni iliyotengeneza gemu hili, alitamba kwenye mahojiano kwamba mwaka ule kuna vipindi wamepiga kazi masaa 100 kwa wiki, piga hesabu hapo, masaa 14 na ushee kila siku na jumapili ndani. Kelele zilipoanza akasema alimaanisha watu wanne tu wa kuandika stori, tena wiki tatu. Haya bosi, ila mbona 2010 lile la kwanza likiwa bado jikoni wake wa wafanyakazi wa studio ya Rockstar ya San Diego, Marekani, waliandika barua ya wazi kwamba waume zao wanachoshwa mpaka afya zinayumba?

Stori ni 10, sauti 10, mwanzo unaboa kidogo (theluji tu, vumilia). Online sijagusa, bando lenyewe hili la kuungaunga. Dogo wangu anasomea kompyuta na ndoto zake ni studio kubwa za hivi, nimemwonyesha hayo masaa akacheka tu akaniomba pedi ya kuchezea gemu.