Tahadhari: Muuzaji wa vidonge vya "vimeng'enya vinavyoyeyusha mafuta mwilini"

Natoa tahadhari kwa yeyote aliyeletewa tangazo la vidonge vya vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, kama kuvunja chakula) na lesithini, vinavyodaiwa kuyeyusha mafuta ya tumbo na mapaja bila mtu kubadili mlo wala kufanya mazoezi. Muuzaji hana duka, hudai alipwe kabla ya kutuma mzigo, na hubadilisha jina la akaunti malalamiko yanapozidi. Hizo ni tabia za kawaida za matapeli na sitazirefusha. Kilichonifanya niandike ni namna anavyoazima sayansi ya kweli ili kuuzia uongo, kiasi kwamba hata waliosoma wananaswa.

Chambo chake ni video. Mafuta yanaelea juu ya maji ndani ya glasi. Anafungua kidonge, anamimina unga, anakoroga, na punde mafuta hayaonekani tena, yamebaki maji meupe kama maziwa. Jaribio hilo ni la kweli. Lesithini ni fosfolipidi, na kila molekuli yake ina upande unaopatana na maji na upande unaopatana na mafuta, kwa hiyo hukaa mpakani mwa viwili hivyo na kuyafanya mafuta yagawanyike kuwa matone madogo yasiyoungana tena kwa urahisi. Kiini cha yai kingefanya vivyo hivyo. Ila mafuta hayo hayakwenda popote: yote yamo ndani ya glasi, yamesambaa tu.

Mwilini kazi hiyo hufanywa na nyongo, ambayo ini huitengeneza ikiwa na chumvi zake pamoja na fosfolipidi, tena kwa wingi unaofikia gramu kadhaa kwa siku. Mafuta yakishagawanywa, lipasi, kimeng'enya cha kuvunja mafuta kutoka kwenye kongosho, ikisaidiwa na protini ndogo iitwayo kolipasi, hushika uso wa matone na kuikata kila trigliseridi, yaani molekuli ya mafuta ya kawaida, kuwa asidi mbili za mafuta na monogliseridi moja. Vipande hivyo hubebwa hadi kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kufyonzwa. Mtu mzima mwenye afya hufyonza takriban 95% ya mafuta aliyokula.

Hapo ndipo tangazo linapojikanusha lenyewe. Vimeng'enya na fosfolipidi huyawezesha mafuta ya chakula kuingia mwilini. Havina kazi ya kuyatoa. Dawa ya orlistat, ambayo kweli hutumika kupunguza uzito, hufanya kinyume kabisa, kwani huizuia lipasi ili karibu 30% ya mafuta ya chakula yatoke na choo. Nayo mafuta yaliyokwisha kuhifadhiwa chini ya ngozi huvunjwa na lipasi nyingine zilizomo ndani ya seli za mafuta zenyewe, kwa amri ya homoni, na kimeng'enya ulichokimeza hakifiki huko, kwa kuwa ni protini na humeng'enywa kama protini nyingine.

Isitoshe, lipasi ya kongosho huharibiwa na asidi kali ya tumboni, ndiyo maana vidonge vinavyotolewa hospitalini kwa wagonjwa wa kongosho hutengenezwa kwa ganda la kuikinga hadi ifike utumboni, na huandikwa idadi ya yuniti za lipasi, yaani kipimo cha nguvu yake. Nilimwuliza muuzaji kidonge chake kina yuniti ngapi, kina ganda la aina gani, na vimeng'enya vimetoka kwa mnyama yupi, maana vile vya hospitalini kwa kawaida hutokana na nguruwe na wapo ambao jambo hilo ni zito kwao. Jibu lake lilikuwa video ileile.

Linalonitia hofu zaidi ni maelezo anayowapa wateja wanaolalamika kwamba choo kimekuwa cha mafutamafuta, kinaelea na kunuka kupita kiasi. Huwaambia kwamba "mafuta yanatoka". Choo cha namna hiyo ni dalili kwamba mafuta hayafyonzwi, na chanzo chaweza kuwa kongosho lililodhoofika, njia ya nyongo iliyoziba au ugonjwa wa utumbo. Hali hiyo ikiendelea, vitamini A, D, E na K nazo hupotea. Kwa kongosho, dalili hii huchelewa kujitokeza, kwa kawaida baada ya uwezo wake wa kutoa lipasi kupungua kwa takriban 90%. Anayepewa pongezi badala ya kupimwa anapoteza muda wa thamani. Na mgonjwa aliyeandikiwa vimeng'enya na daktari asiviache kwa ajili ya vidonge vya muuzaji huyu.

Aliyekwisha kununua aache kumeza, atunze kopo pamoja na lebo na kumwonyesha mfamasia, aripoti kwa mamlaka ya dawa ya nchi yake, na awahi kuwaarifu waliopitisha malipo. Mwenye macho ya manjano, mkojo mweusi au maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni aende hospitali siku hiyohiyo, akiwa na kopo mkononi.