Excel au LibreOffice kwa majina yaliyoharibika herufi?

Ukiona "BÃ©atrice" badala ya "Béatrice", mara nyingi faili yako ya CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) ni nzima. Imeandikwa kwa UTF-8, ila programu imeisoma kama Windows-1252, mfumo mwingine wa kuandika herufi kwenye kompyuta. Usiihifadhi bado!

LibreOffice ni ya bure, na kwa faili za mara moja moja ndiyo nyepesi: ukifungua CSV inakuuliza kwanza "Jeu de caractères", yaani mfumo wa herufi. Chagua Unicode (UTF-8), tazama majina kwenye kielelezo cha chini, weka alama kwenye nuktamkato kama ndiyo inayotenga safu. Safu ya simu ipe aina ya "Texte", la sivyo sifuri ya mbele inapotea.

Excel, inayohitaji leseni, haikuulizi ukibofya mara mbili. Pitia "Données", "À partir d'un fichier texte/CSV", kisha 65001 (namba ya UTF-8) kwenye "Origine du fichier". Lakini inakumbuka hatua: ripoti mpya ikija kwa jina lile lile mahali pale pale, "Actualiser" inatosha.

Shule ya Kadutu inayopokea orodha za kila namna itafaidika na LibreOffice. Ofisi ya Goma yenye ripoti ileile kila mwezi, na Excel. Alama �, inayokaa mahali pa herufi isiyosomeka, ikishahifadhiwa, hakuna kati ya programu hizi mbili inayorudisha herufi: omba faili ya asili.