Fimbo, waya au mafuta? Klachi ya Land Rover ya zamani yenye injini ya Toyota

Karibuni tena wadau, karibuni gereji, Mbeya kumepoa leo ila tutachangamka. Mezani nina seti ya klachi ya mafuta: masta ya juu inayosukumwa na pedali, silinda ya chini inayosukuma klachi, hosi na bomba la chuma. Gari ni Land Rover Series I, zile za 1948 mpaka 1958, zilizotoka kiwandani na klachi ya fimbo. Limepigwa injini ya 3L, ile dizeli ya Toyota, na giaboksi yake. 3L mnaijua, Hiace zimejaa barabarani, siielezi. Swali ni moja: fimbo za zamani zibaki?

Zisibaki! Kamera isogee hapa chini, karibu kabisa. Hii fimbo upande mmoja imeshika chasisi, upande wa pili inasukuma foku ya klachi, ule uma unaosogeza beringi ili klachi iachie. Haya, piga resi. Mmeona injini inavyolala pembeni? Rudia. Chasisi imetulia, injini imelala, na fimbo imevutwa. Kuna mtu kagusa pedali? Hakuna.

Sasa peleka gari hilo Kitonga, simama nyuma ya lori la mzigo, anza kuachia klachi mlimani. Injini inalala, klachi inakamata yenyewe, injini inarudi, klachi inaachia, inalala tena. Gari linatetemeka mpaka vioo vinaimba. Mwenye gari ananunua klachi pleti, ananunua presha pleti, anakwangua flaiwili, tetemeko liko palepale. Kosa liko kwenye fimbo. Kiwandani waliweka mhimili wa kati wa kuunganisha pedali na klachi, wenye viungo vinavyozunguka. Ukibadilisha injini, mhimili ule haukai tena mahali pake, ndipo mtu anachomelea nondo na kusema kazi imeisha.

Waya siuchukii. Ganda lake likishikwa kwenye giaboksi, injini icheze itakavyo. Beetle zinatembea na waya mpaka leo. Ila usiukunje kona kali, na usiupitishe karibu na bomba la ekzosi, utaungua ganda uanze kugoma. Na kwa tope la Tukuyu, andaa waya wa akiba.

Turudi kwenye mafuta, hapa ndipo nilipopapenda. Hosi inajikunja, kwa hiyo injini ikilala hakuna kinachovutwa. Lakini sikilizeni: silinda ya chini ifungwe kwenye giaboksi. Ukichomelea kibao chake kwenye chasisi, umerudia kosa la fimbo kwa gharama kubwa zaidi.

Saizi sasa, msinunue kwa macho. Pima pedali: kutoka kwenye pini mpaka unapokanyaga, sentimita 30, kutoka kwenye pini mpaka tundu la fimbo ya masta, sentimita 5. Hiyo ni sita kwa moja. Ukikanyaga milimita 150, masta inasukumwa milimita 25. Masta hii ni ya inchi 5/8, silinda ya chini inchi 13/16. Weka rula hapa kwenye fimbo ya chini, kanyaga... kumi na tano kasoro kidogo. Foku hii inagawa kwa 1.6, kwa hiyo beringi inasogea milimita 9 hivi. Presha pleti hii inatosheka na 8 mpaka 10.

Nabadilisha masta, naweka ya inchi 3/4, silinda ileile. Kanyaga. Ishirini na moja! Wengi wanadhani kubwa ndiyo bora. Mguu umekuwa mzito karibu mara moja na nusu, vidole vya presha pleti vinasukumwa kupita kiasi, na bastola ya silinda inaweza kuchomoka mafuta yakamwagika yote. Kama huna masta nyingine, weka kizuizi cha pedali.

Bei siitaji, kesho mtaniambia imepanda. Ila zile silinda zinazokaa ndani ya giaboksi, zimezunguka shafti, sizitaki: raba ikivuja unashusha giaboksi nzima. Hii ya nje ni boliti mbili.

Series I pedali iko chini ya sakafu, kwa hiyo kikopo cha mafuta kipandishe ukutani, juu kuliko masta, ukiunge kwa hosi ya mafuta ya breki. Mafuta yenyewe ni ya breki, DOT 3 au DOT 4. Ukitia oili ya injini raba zitavimba. Nati ya kutolea upepo iangalie juu. Silinda ikipinduliwa upepo unabaki ndani, utapampu hadi jioni. Na fimbo ya masta iachie milimita moja ya uhuru. Ikibana, mafuta hayarudi kwenye kikopo, gari likipata moto klachi inaanza kuteleza.

Jumapili nakuja na mauntingi za injini hiihii, kwa hiyo bonyezeni kengele.

Jaribio la mwisho. Injini iwe sailensa, yaani inawaka bila resi, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tatu, ingiza rivasi. Ikikwaruza, klachi haijakata, rudi kwenye upepo na rula. Haya kijana, ingiza... Mmesikia kitu? Rudia, kipaza sauti kiwe karibu na giaboksi. Kimya.